Jinsi ya Kunyamaza Tarime

Kabla ya yote, mfunge mbwa. Vitabu vya sala ya kimya havimtaji, kwa kuwa wengi wa walioviandika waliishi kwenye monasteri zenye kuta nene na bawabu mlangoni. Wewe unaishi Tarime, au Mugumu, au kando ya barabara ya Sirari. Mbwa wako akikukuta alfajiri umekaa gizani, macho umefumba, husemi na mtu, atajua kuna msiba. Atakuja kukulamba uso, na usipojibu ataita wenzake. Kwa hiyo mfunge, mtupie mfupa wa jana, kisha urudi kwenye kigoda.

Kigoda kinatosha kabisa. Nimeulizwa mara nyingi kama ni lazima kukunja miguu kama wale tunaowaona kwenye picha. Si lazima. Goti lililolima ulezi kwa miaka arobaini halidaiwi kitu hicho. Kaa mgongo wima, nyayo chini, mikono mapajani, na blanketi mabegani, maana baridi ya Tarime ya alfajiri haina adabu. Ukiegemea ukuta utasinzia. Ukikaa kwenye kochi utasinzia mapema zaidi.

Saa ni kumi na moja. Ukingoja kumi na mbili umechelewa: mtoto mmoja anatafuta daftari, mwingine anadai kiatu chake kimevaliwa na mdogo wake, ndama analia, na bodaboda wa kumpeleka mama sokoni anapiga honi langoni kana kwamba amekuja kuchukua mgonjwa. Kipindi cha pili ni jioni, ng'ombe wakishaingia zizini na kabla ya taarifa ya habari. Dakika 20 asubuhi, dakika 20 jioni. Hicho ndicho kipimo walichokiweka walimu wa njia hii, na nimekihakiki: dakika tano hazitoshi hata kumaliza kujikuna.

Sasa niseme tunachokwenda kufanya hapo kigodani, maana wapo waliokwisha kuniuliza kama ni uchawi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja namna tatu za kusali: sala ya sauti, sala ya kutafakari na sala ya taamuli. Mbili za kwanza tunazo tele. Tuna Rozari, novena, litania, na kwaya zenye kinanda na spika mbili zinazosikika hadi kigango cha pili. Ya tatu tuliwaachia watawa. Taamuli ni kukaa mbele ya Mungu bila maneno mengi, kama mtoto anayekaa karibu na baba yake anapochonga mpini: hakuna anayezungumza, na hakuna anayetaka kuondoka. Kwa karne nyingi muumini wa kawaida aliambiwa hii ni ngazi ya juu mno, ya watu kama Teresa wa Avila na Yohane wa Msalaba, Wakarmeli wa Hispania wa karne ya 16. Na kwetu ilionekana kuwa ya watu wa mbali tu. Wabenedikto walikuja Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, lakini kutoka Tarime kwenda huko ni kuvuka nchi nzima. Mkulima wa Nyamwaga angefuata ukimya hadi Ruvuma, ng'ombe angemwachia nani?

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1970. Katika abasia ya Watrapisti ya Mtakatifu Yosefu, mjini Spencer, Massachusetts, Marekani, mtawa William Meninger alianza mwaka 1974 kuwafundisha mapadre waliokuja mafungo njia fupi ya sala ya kimya. Aliitoa kwenye kitabu kidogo cha karne ya 14 cha Mwingereza asiyejulikana jina. Abate wake, Thomas Keating, na mwenzao Basil Pennington wakaiweka katika hatua chache ambazo mtu yeyote angeweza kuzifuata. Huko Uingereza, Mbenedikto John Main alikuwa na safari yake. Kabla ya utawa alifanya kazi nchini Malaya, na huko katika miaka ya 1950 alijifunza kwa mtawa wa Kihindu, Swami Satyananda, kurudia neno moja katika ukimya. Alipoingia utawani aliambiwa aiache sala hiyo, naye akatii kwa miaka mingi. Baadaye, akisoma maandishi ya Yohane Kasiano, akakuta kitu kilekile kimeandikwa na Mkristo wa kale.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji wa Mara asimame kidogo. Huyo Kasiano alijifunzia wapi? Alijifunzia Misri, mwishoni mwa karne ya nne, kwa wazee wa jangwani waliosuka mikeka na kula mkate mkavu. Mzee mmoja, Abba Isaka, alimfundisha kushika mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, ule unaomwomba Mungu aje upesi kusaidia, na kuurudia akiwa amekaa, akitembea, akila, hadi usingizi. Kasiano akaupeleka Ulaya, na mnamo mwaka 415 alikuwa Marseille akianzisha monasteri. Mpaka leo masista wakianza Masifu ya Jioni, mstari wanaoanza nao ni huohuo. Kwa hiyo mtu akikuambia sala hii ni mambo ya Wazungu, mpe kiti umsimulie. Imefanyiwa kama kahawa yetu ya Tarime: inaondoka hapa ikiwa buni, inazunguka dunia, inarudi dukani ndani ya kopo lenye maandishi ya kigeni, nasi tunaiogopa bei.

Basi, chagua neno. Hatua hii huwachelewesha watu kuliko zote, kwa kuwa kila mmoja anataka neno zito. Nimewahi kukaa na mwenzetu aliyechagua sentensi nzima yenye "utukufu" mara mbili. Kila alipofika katikati alisahau mwisho. Neno liwe fupi. John Main alipendekeza "Maranatha", neno la Kiaramu lililo mwishoni mwa Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, linalomwita Bwana aje. Alilisema kwa silabi nne zenye urefu sawa. Keating alimwachia kila mtu achague lake. Mimi nawashauri Wakurya wenzangu neno walilolisema kabla ya kujua kusoma: Tata. Ndivyo tunavyomwita baba, na ndivyo mtoto anavyoita akiwa bado hajapata haja ya kueleza anachotaka. Jirani yangu Mngoreme ana lake, na mama mmoja anasema "Njoo" tu. Ukishachagua, usibadilishe kila siku kama kanga.

Fumba macho. Litaje neno lako moyoni, polepole. Usilihesabu. Halina chembe kama Rozari, na hakuna zawadi ya aliyelitaja mara nyingi.

Baada ya dakika moja utagundua kwamba husali tena. Unafikiria ada ya shule. Au mbegu ya mahindi iliyopanda bei, au maneno aliyokuambia shemeji yako Jumapili, na jibu zuri ulilolikosa siku ile sasa limekuja lote, limepangika, tamu. Mwanzoni watu hufadhaika sana hapa. Wengine hukasirika, wakajikaza, wakakunja uso, wakaanza kupigana na mawazo. Sikiliza, wewe umechunga ng'ombe. Ng'ombe akiingia shamba la mtu hapa kwetu unajua kinachoweza kufuata, kwa hiyo humwachi. Lakini pia humpigi tangu asubuhi hadi jioni kwa kosa hilo. Unampigia mluzi, unamgeuza, anarudi kundini, na wewe unarudi kwenye kivuli chako. Baada ya muda kidogo anaingia tena. Unampigia mluzi tena. Neno lako ndilo mluzi. Aliyerudisha ng'ombe wake mara mia moja katika dakika 20 amechunga vizuri sana. Simhesabii kuwa ameshindwa kusali mara mia moja.

Mimi niliielewa sala hii kwa kumtazama bibi mmoja wa jumuiya yetu akipeta ulezi. Ilikuwa mchana, uani kwake, nami nilikuwa nimekuja kuchukua mchango wa jumuiya. Alikuwa na ungo magotini. Anaurusha ulezi juu kidogo, kiasi cha kiganja, anaupokea, anaurusha, anaupokea, halafu anauinamisha ungo na kupuliza pembeni, pumzi fupi, na makapi yanaruka yakaenda yanakokwenda. Kuku wanne walikuwa wakiyafukuza. Yeye hakuyatazama hata mara moja. Hakuokota kapi moja akaligeuzageuza kujua limetoka suke lipi. Macho yake yalikuwa kwenye zile punje nyekundu zilizobaki, na mikono ilikuwa ikienda bila haraka wala uvivu. Nilikaa pale karibu nusu saa. Mchango nikausahau. Nilipomwambia kwamba hicho ndicho mapadre wanachokiita taamuli, aliniuliza kama nitakunywa uji.

Kuna mambo ya kuepuka, na yote nimeyaona kwa macho.

Usingoje maono. Mtu akimaliza juma moja la ukimya bila kuona mwanga huanza kuhisi amepunjwa, akaenda kutafuta mahali penye mafuta ya upako na watu wanaoanguka. Yohane wa Msalaba, ambaye kama kuna mtu angekuwa na haki ya maono ni yeye, aliwaonya wanafunzi wake wasiyatamani wala kuyashikilia. Ukiona rangi nyuma ya kope, ni kope. Ukisikia vidole vinafa ganzi, badilisha mkao.

Usiitangaze. Kuna desturi mpya ya kupiga picha mshumaa na Biblia iliyofunguliwa, kuiweka kwenye WhatsApp saa kumi na moja na dakika tatu, kisha kurudi kila baada ya muda kuona nani ameitazama. Kama simu ndiyo saa yako, itegeshe dakika 20, zima data, iweke chumba kingine. Nasema chumba kingine kwa uzoefu. Mezani ni karibu mno.

Na usiifanye dawa ya usingizi wala ya presha. Pengine utalala vizuri zaidi, na tumshukuru Mungu. Lakini Oktoba 15, 1989, sikukuu ya Teresa wa Avila, ofisi ya Vatikani inayolinda mafundisho, wakati ule ikiongozwa na Kardinali Joseph Ratzinger aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, ilitoa barua kwa maaskofu kuhusu aina hizi mpya za sala. Wapo wanaoitumia barua ile kusema sala ya kimya imepigwa marufuku. Haikupigwa. Barua inakubali kwamba tunaweza kuchukua yaliyo mema kutoka dini nyingine, na kwamba mkao wa mwili una nafasi yake. Inachokataa ni mtu kuchukua ile hali tamu ya utulivu na kuidhani ndiyo Roho Mtakatifu mwenyewe. Naiona barua ile ni ya haki. Nimewaona watu walioupenda utulivu wao kiasi kwamba mtoto akilia chumba cha pili wanakasirika kwa sababu amewaharibia sala. Hapo kilichoabudiwa ni utulivu.

Kuhusu kelele, usihame. Walio Nyamongo wana baruti ya mgodi na malori. Sirari ina matreila ya mpakani yanayonguruma usiku kucha. Sikia kelele, usiigombeze, rudi kwenye neno. Wenzetu wa wilaya ya Serengeti wana jambo la ziada. Wageni hulipa fedha nyingi kuja kusikiliza ukimya wa hifadhi na kuwatazama nyumbu wakivuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Mkazi wa kijiji kinachopakana na hifadhi hiyohiyo husikiliza ukimya kwa sababu nyingine: anasubiri kusikia tembo akivunja mahindi. Ndugu yangu, ukiwa kwenye dakika ya kumi na mbili ukasikia mabua yanavunjika, inuka. Chukua tochi na debe, waamshe majirani. Dakika nane zilizobaki Mungu atakungoja, tembo hatakungoja.

Mambo haya hayafanywi na mtu peke yake tu. Katika nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, jumuiya ndogo ndogo zilipewa kipaumbele tangu mwaka 1976, na hapa jimboni Musoma tumezirithi. Jumuiya yetu hukutana Alhamisi. Tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata, polepole, mara mbili. Kisha, badala ya kila mtu kutoa hotuba, tunakaa kimya dakika 20. Mwanzoni dakika ya tatu ilikuwa ngumu: kikohozi, kicheko cha kijana mmoja, mtu akiimba chinichini apate kuokoa hali. Watani wetu husema Mkurya hanyamazi mpaka alale. Sikubali. Nenda kwenye ritongo, penye wazee wanaosikiliza kesi, uone mzee anavyoweza kukaa kimya huku kijana akimaliza hasira zake zote, ndipo aulize swali moja. Watu wetu walikuwa na ukimya huo zamani, ila hatukuwa tumeuingiza kwenye sala zetu za Kikatoliki.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko mengine yote, kwa sababu bila hilo kigoda ni bure.

Mama mmoja wa kundi letu alinijia akiwa na wasiwasi. Alisema kuna wazo moja haliondoki. Kila akikaa kimya anamwona mjukuu wake, binti wa miaka kumi na moja, na ilikuwa miezi michache kabla ya Desemba ya msimu wa tohara. Analirudisha neno, wazo linaondoka, kesho lipo. Alitaka nimfundishe kulifukuza. Nilimwambia kile ambacho nimejifunza polepole mno: ndani ya dakika 20 liache lipite kama mengine. Ukifungua macho, tazama mlangoni. Ng'ombe aliyepotea ukishamrudisha hukuti nyayo zake mlangoni. Wazo linalokungoja mlangoni siku saba mfululizo, bila hasira, bila haraka, hilo umetumiwa. Yule mama alikwenda kwa mwanawe. Hakwenda kugombana, alikaa naye, akanyamaza kwanza, kama alivyozoea Alhamisi, mpaka kijana mwenyewe akaanza kuzungumza. Desemba ile binti alikuwa kwa shangazi yake, mbali, na Januari alirudi shuleni.

Wapo wanaosema watu wa taamuli wanaikimbia dunia. Watrapisti waliotoka Uholanzi walianzisha monasteri Lumbwa, jirani na Kericho, Kenya, mwaka 1956, na kwa miaka hamsini waliamka usiku kusali na mchana kulima. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 walilazimika kuondoka, wakahamia Uganda. Ukuta wa monasteri haukuwazuilia ugomvi wa makabila, na ua wa nyumba yako hautakuzuilia ugomvi wa koo. Sisi tumepigania ng'ombe na mipaka ya mashamba mpaka serikali ikatuwekea Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Kwa hiyo anayekaa kimya asubuhi, kisha jioni akapeleka maneno ya ukoo mmoja kwa ukoo mwingine, amejikalia tu kwenye baridi.

Jimbo letu ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza Julius Nyerere kuwa mwenye heri. Alibatizwa Nyegina, Desemba 23, 1943, na hata alipokuwa Rais alihudhuria misa kwa bidii ambayo wengi wetu tusio na nchi ya kuendesha hatuna. Oktoba 1970 alialikwa na Masista wa Maryknoll huko New York, ndugu wa kiroho wa wale waliotuletea shule na zahanati nyingi hapa Mara. Aliwaambia wazi kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma. Aliyasema hayo mtu aliyekuwa akipiga magoti kila siku, na mimi sioni kwamba hayo mawili yanapingana.

Dakika 20 zikiisha usiruke kama aliyeungua. Kaa dakika mbili macho yakiwa yamefumbwa, sali Baba Yetu taratibu, kisha fungua macho. Utasikia maziwa yakigonga ndoo na jirani akifungua kanisa la redio yake. Mfungulie mbwa. Msalimie mtu wa kwanza utakayekutana naye na usikie anachojibu, chote, kabla hujasema lako.

Sisi tunakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni. Kama kigango chako hakina kundi, anzeni wawili. Katekista akiuliza, mwonyesheni Katekisimu, sehemu ya nne inayohusu sala. Na ukipita upande wetu, karibu sana. Njoo na kigoda chako, maana vya mwenye nyumba ni vinne tu. Mbwa mwache nyumbani.